Maneno Nyuma ya Picha

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kazi haijachanganya, ofisi nzima ilikusanyika kwenye meza ndefu ya karibu na dirisha kusikiliza malalamiko ya wateja. Bosi ndiye aliyeanzisha utaratibu huo. Mwanzoni watu walinuna, baadaye wakauzoea, wakawa wanakuja na vikombe vyao vya chai kama wanaokuja kusikiliza mchezo wa redioni.

Jumatatu ile walikuwa na kila sababu ya kuchangamka. Tovuti ya duka la samani na vyombo vya nyumbani, waliyoihangaikia tangu mvua zilipoanza, ilikuwa imefunguliwa kwa umma, na sifa zilikuwa zikimiminika. Ilikuwa tovuti ya kisasa hasa. Ukiuteremsha ukurasa, kiti kinajizungusha chenyewe kikuonyeshe mgongo wake. Ukiigusa taa, chumba kizima kwenye picha kinaingia giza. Pembeni kulikuwa na mashine ya akili bandia ya kupiga soga na wateja, na vitufe havikuwa na neno hata moja, vilikuwa na vialama tu: kikapu, moyo, lenzi, vistari vitatu. Vialama vile vilipitishwa na mkuu wa ubunifu mwenyewe, mama mmoja mtulivu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, ambaye kila mtu alimwita Fundi Kurasa.

Jina hilo alilipata zamani, enzi ambazo watu hawakusema tovuti. Walisema kurasa za intaneti, na aliyejua kuzitengeneza aliitwa fundi, kama fundi viatu au fundi bomba. Wenzake wa enzi hizo walishaacha kazi au walishakuwa wakubwa wa mashirika. Yeye alibaki na kurasa zake.

"Ya leo kali," akasema Dada wa Masoko, msichana aliyeshughulikia matangazo ya mtandaoni, huku akitafuta rekodi kwenye simu yake. "Shikeni mbavu."

Sauti ya mwanamke mtu mzima ikajaa mezani.

"Hodi humo ndani. Nasikia napokelewa na mashine, basi nitaongea na mashine. Mimi nataka birika. Lile la kupiga filimbi, maji yakichemka nisikie. Nimeingia kwenye tovuti yenu tangu asubuhi. Mimi sioni, simu yangu ndiyo inayonisomea. Sikilizeni inavyonisomea."

Ikafuata sauti nyingine, kavu, ya simu: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Picha. Picha. Kitufe."

"Mmesikia? Nimefika dukani kwenu, na muuzaji kila nikimuuliza kitu ananijibu kitufe. Nikabonyeza kimoja kwa kubahatisha. Nimeambiwa asante kwa kuchagua kitanda cha watu wawili. Mimi ni mjane, kitanda cha watu wawili nitakifanyia nini. Nawatakia kazi njema."

Meza ikaangua kicheko. Hawakucheka kwa ubaya, ilikuwa ni kitanda kile. Kijana waliyemwita Rangi, aliyechora vialama vyote vya tovuti, alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Bosi naye alicheka, ingawa alijaribu kujizuia kwa sababu ya cheo.

Fundi Kurasa hakucheka. Alikishusha kikombe chake polepole, akainuka, akatoka hadi kwenye korido penye mashine ya maji, akasimama pale akijifanya anajaza glasi. Ile "nawatakia kazi njema," iliyosemwa kwa heshima zote na yenye mwiba ndani, alikuwa ameisikia mara nyingi sana maishani mwake. Sauti ile angeitambua hata kama ingemfikia kutoka chini ya kisima. Ilikuwa sauti ya wifi yake.

Aliyekuwa wifi yake, kwa kusema kweli. Dada wa mwanamume aliyeachana naye.

Walikuwa wameanza kazi pamoja, yeye na wifi yake, katika chumba cha nyuma cha duka la cherehani, ambako harufu ya mafuta ya mashine na vitambaa vipya iliwaganda mpaka kwenye nywele. Kompyuta ilikuwa moja, nzito kama jiwe la kusagia, na modemu yao ilipokuwa ikitafuta mtandao ililia kama paka aliyebanwa mkia mlangoni. Nyumba iliyopakana na duka ilikuwa ya mama mkwe, na laini ya simu ilikuwa yake. Kwa hiyo walipoingia mtandaoni yeye hakuweza kumpigia dada yake, na alikuwa akigonga ukutani kwa mwiko kuwaambia watoke.

Furaha ya kazi ya siku zile Fundi Kurasa hakuwahi kuipata tena. Hakuna aliyejua linalofaa na lisilofaa, kwa hiyo kila kitu kilifaa. Waliweka maandishi yanayopepesa. Waliweka maandishi yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto kama watu walio safarini. Ukurasa ambao haujakamilika waliuwekea picha ya mtu anayechimba kwa sululu, na mtu yule alichimba usiku na mchana bila kumaliza shimo. Waliweka wimbo unaoanza wenyewe ukurasa ukifunguka, na mteja aliyeufungua kazini kwake kwa siri akaumbuka mbele ya mkubwa wake. Vivinjari, zile programu za kufungulia kurasa, vilikuwa viwili, na kila kimoja na kiburi chake. Kwa hiki ukurasa ulitulia kama bibi harusi, kwa kile ulipinda kama meza yenye mguu mfupi, na Fundi Kurasa alikesha akizibandua safu na kuzibandika upya mpaka vyote viwili viridhike.

Yeye alijua msimbo, ile lugha ya kuiamuru kompyuta. Wifi alijua maneno. Wifi ndiye aliyewaandikia wateja habari zao, ndiye aliyewabembeleza, na ndiye aliyewachekesha. Baadaye, intaneti isiyo na waya ilipoingia mjini na kila mgahawa ukabandika tangazo la wifi ya bure, alikuwa akisimama mbele ya tangazo na kutikisa kichwa. "Mimi si wa bure," alikuwa akisema. "Nani amewaambia mimi ni wa bure?" Na wateja walipoingia na kuuliza kama wifi ipo, yeye aliitika akiwa nyuma ya kompyuta, "Nipo."

Kisha ndoa ikavunjika, bila kelele, kama kitambaa kilichochakaa kinavyoachia chenyewe. Mtoto wa kuwaunganisha hakuwepo. Hakuna aliyemkataza Fundi Kurasa kuonana na wifi yake, wala hawakuwahi kugombana. Wakati huohuo biashara nayo ilikuwa ikigeuka. Simu zilikuwa zimeingia, kila mtu anatembea na mtandao mfukoni, na Wifi akachukuliwa na kampuni ya matangazo, akawa anawafundisha watu jinsi ya kumfuata mteja kutoka ukurasa hadi ukurasa mpaka anunue. Fundi Kurasa hakuipenda kazi ile, naye hakuficha. Siku zikawa miezi, miezi ikawa miaka, na kimya kikaota mizizi.

"Mama?" Dada wa Masoko alikuwa amemfuata hadi korido. "Tumekuudhi?"

"Hapana, mwanangu. Nitafutie namba ya huyo mama."

"Wa birika? Tulishamtumia ujumbe wa kuomba radhi."

"Ujumbe wa namna gani?"

Dada wa Masoko akaangalia viatu vyake. "Wa picha," akasema.

Fundi Kurasa alipiga simu mchana, akiwa amejifungia kwenye chumba cha mikutano.

"Haloo," ikasema ile sauti.

"Haloo. Ni mimi."

"Wewe nani? Kila mtu ni mimi."

"Fundi Kurasa."



"Na wewe umekuja kuniuzia kitanda?"

"Kile kitanda ni changu, wifi," akasema Fundi Kurasa. "Hiyo tovuti nimeitengeneza mimi."

Neno hilo, wifi, lilimtoka lenyewe. Hakuwa amelipanga, na lilipokwisha kutoka hakuweza kulirudisha. Akasubiri asikie litapokewa vipi.

"Kumbe ni wewe," Wifi akasema taratibu. "Basi nitakusema uso kwa uso. Njoo Jumamosi. Usilete maua, sitayaona. Lete mkate."

Wifi alikaa ghorofa ya chini, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopangwa kwa nidhamu ya ajabu. Kila kiti kilikuwa na mahali pake, kila kikombe kilitazama upande mmoja, na mlango wa kabati haukuachwa wazi. Alimfungulia mgeni wake akitabasamu, macho yake yakitazama juu kidogo ya bega la Fundi Kurasa, kana kwamba kuna mtu mrefu zaidi nyuma yake. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa nyeupe zote, zimekatwa fupi.

"Presha ya macho," akasema kabla hajaulizwa, akiupapasa mkate kujua kama ni wa leo. "Haiumi. Ingeuma ningewahi hospitali. Ilianza kuninyang'anya pembeni, nikawa natazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kisha mtu akaja akaziba tundu. Ukitaka kukaa, kiti kiko mbele yako, usikisogeze tu."

Fundi Kurasa akakaa bila kukisogeza.

Walikunywa chai. Walizungumza habari za watu waliowafahamu, nani yuko wapi, nani ametangulia, nani amejenga. Walizunguka-zunguka hivyo mpaka mkate ukafika nusu, ndipo Wifi akaweka kisu chini.

"Nikwambie kitu. Ulipoachana na kaka yangu sikujua nikuite nani. Kila nilipotaka kukupigia, nilikwama kwenye neno la kwanza. Nikisema wifi, labda utaona nakudhihaki. Nikikuita jina lako, ni kama nimekufukuza ukoo. Nikawa naiweka simu chini."

"Mimi nilidhani umechukua upande."

"Upande gani? Kaka yangu hata mimi ananishinda." Akapiga funda la chai. "Nina wifi mwingine sasa, unajua. Mtu mzuri tu, sina neno naye. Lakini mtandao wake unakatikakatika."

Fundi Kurasa alicheka, na cheko lile likamshtua, maana lilitoka mahali ambapo palikuwa pamefungwa muda mrefu. Alipomaliza kucheka aligundua kwamba anayafuta macho.

"Siku ya mazishi ya mama ulikaa nyuma kabisa," Wifi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Pamoja na majirani."

"Uliniona?"

"Siku hizo nilikuwa naona. Nikasubiri uje mbele. Na wewe, nafikiri, ulikuwa unasubiri uitwe."

Ilikuwa kweli. Mama mkwe alimpenda. Alimfundisha kukoroga mayai na sukari mpaka mkono ufe ganzi, na siku ile ya mazishi, akiwa amekaa miongoni mwa majirani, Fundi Kurasa alijiona kama mtu aliyekuja kulia kwenye msiba wa wenyewe.

Wifi alivuta simu yake karibu. "Bado upo, ukurasa wake. Sikuuacha ufe. Kila wanapobadilisha mitambo huwa nawasumbua mpaka wauhamishe."

Ukurasa wa kwanza kabisa waliowahi kuutengeneza ulikuwa wa keki za mama. Mama mkwe alikuwa akioka keki za harusi, na wao wawili, wakitafuta mteja wa kuanzia, wakaanza na yeye. Picha za siku zile zilikuwa zinafunguka polepole, mstari kwa mstari kutoka juu, na mtu alikaa akingoja keki imshukie ghorofa baada ya ghorofa. Wengi walichoka wakaondoka kabla hawajafika chini. Ndipo Wifi alipokata shauri kwamba kila picha iwekewe maneno ya kuieleza, yale yanayokaa nyuma ya picha na kujitokeza kabla haijafika, ili mteja awe na cha kusoma. Fundi Kurasa alimwambia anajisumbua bure. Wifi akaandika.

Sasa vidole vyake vikateleza juu ya kioo, na simu ikaanza kusoma kwa lafudhi ya mtu aliyejifunzia Kiswahili ndani ya kopo.

"Karibu kwa Mama Keki. Picha. Keki ya ghorofa tatu, nyeupe, ina maua ya waridi ya sukari. Ua moja la nyuma limepinda. Mama anasema mpige picha upande wa mbele, lakini tumechelewa. Picha. Keki ya chokoleti ya mtoto wa kwanza wa jirani. Mtoto mwenyewe ndiye mwenye kidole ndani ya keki. Picha. Mama akiwa jikoni, amevaa aproni ya kijani, ameshika mwiko. Amekasirika kidogo kwa sababu tunatumia simu yake."

Maandishi yaliyopepesa hayakupepesa tena, vivinjari vilishaacha kuyaelewa. Wimbo ulikuwa umekatika zamani. Picha zenyewe, Fundi Kurasa alipochungulia, zilikuwa ndogo kama stempu, rangi zimefifia. Lakini maneno yalikuwa mazima. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kilichokwisha kupoa, na kwa dakika chache jiko lile lilirudi lote, harufu ya vanila, redio juu ya friji, mwiko ukutani, na mama mkwe akiuliza kama hiyo intaneti yao wanaweza kuila.

"Huwa nausikiliza nikimkumbuka," Wifi akasema. "Zile albamu ziko kabatini. Za kazi gani kwangu? Lakini huu unaniambia. Nilijiandikia mwenyewe bila kujua." Akaizima simu. "Haya. Na wewe nieleze ulivyo sasa. Mara ya mwisho nilikuona umevaa nguo nyeusi, umekaa nyuma."

Fundi Kurasa akababaika. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu kama hicho.

"Nimenenepa kidogo," akaanza. "Miwani, ya kamba. Nywele zina mvi zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia, sijui kwa nini. Gauni la bluu, lina doa la chai ambalo nimelipata hapa hapa kwako. Mikunjo ipo, hasa hapa kwenye paji, nafikiri ni ya kutazama skrini..."

"Ndefu mno," Wifi akasema. "Fupisha. Msomaji anachoka."

"Nimezeeka vizuri."

"Hiyo nzuri. Iweke hiyo."

Jumatatu iliyofuata, baada ya malalamiko, Fundi Kurasa alibaki mezani na Bosi. Bosi alikuwa kijana wake wa zamani. Fundi Kurasa ndiye aliyempokea alipotoka chuoni, akamfundisha kazi, na cheo kilipompita hakuona kinyongo, kwa sababu kijana mwenyewe hakuwahi kuacha kumwamkia.

"Nataka tuirudie ile tovuti ya samani," akamwambia. "Vitufe vipewe majina, picha zipewe maelezo. Zote."

"Mama." Bosi akajikuna shingo. "Ijumaa tunaipeleka kwenye mashindano. Mteja ameridhika. Picha ziko chungu nzima, nani atakaa kuziandikia?"

"Nilivipitisha mimi vile vialama, na niliona vinapendeza. Sasa najua vimemfungia mtu nje. Siwezi kujifanya sijui."

Bosi alimtazama. "Yule mama wa birika unamfahamu?"

"Ni wifi yangu."

"Basi mlete," Bosi akasema, pengine akidhani hatakuja. "Atuonyeshe."

Wifi alikataa katakata. "Nije nikae mbele ya watoto wa watu wanitazame kama maonyesho? Wakimaliza wanipigie makofi? Sitaki." Fundi Kurasa hakumlazimisha. Siku ya tatu Wifi akapiga mwenyewe. "Nitakuja, lakini kwa masharti. Nisiitwe mgeni wala mlalamikaji. Mimi nimefanya kazi hii kabla bosi wenu hajaota meno. Nakuja kama mfanyakazi mwenzenu. Na mtu asinishike mkono bila kuniuliza."

Alikuja amevaa suti yake ya zamani ya kazini, ameshika kiwiko cha Fundi Kurasa, akaamkiana na kila mtu mezani na kuwauliza wanafanya nini. Alipofika kwa Rangi, aliyekuwa amejikunja nyuma ya kompyuta yake, akasema, "Wewe ndiye uliyechora vile vialama? Wananiambia ni vizuri. Mimi nimevisikia, vyote vina sura moja."

Rangi akacheka kwa aibu. "Shikamoo, mama. Samahani."

"Marahaba. Usiombe samahani, fungua tovuti."

Akaomba apewe kazi ya kununua birika. Sauti ya simu ikajaza ofisi: kitufe, kitufe, picha, kitufe. Safari hii hakuna aliyecheka. Walimwona akirudi mwanzo, akienda mbele, akirudi tena, vidole vyake vikitafuta mlango katika ukuta laini. Rangi hakuweza kuvumilia, akawa anasema kwa sauti ndogo, "Chini kidogo, mama, hapo, hapana, umepita." Mwisho Wifi akaiweka simu mezani.

"Sasa nisikilizeni, maana nimekuja kuwauzia kitu," akasema, na Fundi Kurasa akaitambua ile sauti aliyokuwa akiwabembelezea wateja katika chumba cha cherehani. "Dada wa Masoko, uko wapi? Siku hizi watu wanatafuta bidhaa vipi?"

"Wengi wanaiuliza akili bandia," Dada wa Masoko akajibu. "Wanaongea na simu. Wanasema, nitafutie meza ya watu sita ya mbao. Hawafungui tovuti kumi kama zamani."

"Na hiyo mashine, inapofika kwenye tovuti yenu kutafuta meza, unadhani inakaa inashangaa kiti kikijizungusha? Inatafuta maneno. Mkiyaweka inawapata, msipoyaweka inapita mlango wa jirani. Mimi na hiyo mashine tuko kwenye foleni moja. Mkinifungulia mimi, mmeifungulia na yenyewe."

Dada wa Masoko alikuwa ameshaanza kuandika. Alisema, akimgeukia Bosi, kwamba hata takwimu zao zilikuwa zikimshangaza, watu wanaisifu tovuti lakini wageni wapya hawaongezeki. Bosi alizungusha kalamu. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mama, hayo maelezo, wewe ungeweza kutuandikia?"

"Kuandika naweza," Wifi akajibu. "Kuona ndiko kumekwisha. Nipeni macho."

Tovuti haikwenda kwenye mashindano Ijumaa ile. Mteja alinung'unika mpaka Wifi alipozungumza naye kwa simu, na hakuna aliyejua walichozungumza, ila mteja alitoka kwenye mazungumzo hayo akisema wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Rangi alivipa vitufe vyote majina, kimoja kimoja, na hakuna aliyemsukuma. Kazi ya picha wakapewa Fundi Kurasa na Wifi, wakawa wanaifanya Jumamosi nyumbani kwa Wifi, kompyuta ikiwa katikati ya meza.

Fundi Kurasa alikuwa akitazama na kusema anachokiona. Wifi alikuwa akisikiliza, anauliza, anapinga, kisha anatamka sentensi moja, na Fundi Kurasa anaiandika. Iligeuka kinyume cha zamani, wakati Wifi alipokuwa akitazama picha na kuandika huku mwenzake akihangaika na msimbo. Ilimchukua muda Fundi Kurasa kujifunza. Alizoea kusema picha ni nzuri, na Wifi alimrudisha kila mara. "Nzuri vipi? Sema ninachoweza kukikalia." Akajikuta anaona vitu ambavyo alivipitia mara mia bila kuviona: mshono wa kiti, kovu la msumari kwenye ubao, kivuli cha dirisha kilicholala juu ya zulia. Miaka yote hii alikuwa akizipanga picha kama matofali.

Kulikuwa na siku ambazo kazi haikwenda. Siku moja Wifi aliamka na uchungu wa kupoteza macho yake, akamjibu vibaya, akasema anajua anahurumiwa, akasema afadhali waache. Fundi Kurasa hakubishana. Aliosha vikombe, akavirudisha mahali pake vikitazama upande uleule, akaaga. Jumamosi iliyofuata alikuja tena na mkate, na mlango ukafunguliwa kabla hajagonga, maana Wifi alikuwa amezisikia hatua zake barazani.

Walifika kwenye picha za makabati mvua zikiwa zimekwisha. Madirisha yalikuwa wazi, watoto wa ghorofa ya juu wanacheza uani, na wao wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na kikombe chake.

"Kabati la nguo," Fundi Kurasa akasema. "Milango mitatu. Mbao ya kahawia iliyokoza, vishikio vya shaba. Mlango wa katikati ni kioo kizima."

"Kioo kinaonyesha nini?"

"Kioo tu."

"Kioo hakiwi kioo tu. Ndani yake kuna nini?"

Fundi Kurasa akaivaa miwani yake, akasogea, akaikuza picha. "Ngoja. Kuna mtu. Ni mpiga picha. Amechuchumaa, kamera imemficha uso, na soksi zake hazifanani."

Wifi aliweka kikombe chini ili asimwage chai. Alicheka kimyakimya, mabega yakimtetemeka, na mwenzake akaambukizwa, wakawa wanacheka kama wanawali wanaocheka mahali wasiporuhusiwa.

"Mteja hatakubali," Fundi Kurasa akasema alipopata pumzi. "Atasema tumtoe."

"Amtoe kwenye picha, basi. Maadamu yupo kwenye picha, mimi uniambie." Wifi akakaa sawa, akakunja mikono mapajani kama alivyokuwa akifanya anapotafuta maneno. "Andika. Kabati la nguo la milango mitatu, mbao ya kahawia iliyokoza, kioo kirefu katikati cha kujitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni." Akatega sikio. "Umeandika miguuni?"

"Nimeandika."

"Hapo weka nukta. Soksi zake mwachie mwenyewe." Akainyoosha shingo kuelekea kwenye kompyuta, kana kwamba mwanga wake unampasha joto. "Haya, inayofuata. Sema unaona nini."